Tuta la Valerian

Limi aliuona moshi juu ya paa la Mama Athanas, akafurahi kabla hajafika. Mkononi alikuwa na kigae cha chungu kilichotandazwa majivu, kama afanyavyo mwanamke yeyote wa kijiji cha Mwalugesha anapokwenda kwa jirani kuomba kaa la moto. Mvua ya usiku ilikuwa imepenya paa la jiko lake ikazima kila kitu. Mimba ya miezi minane ilimfanya atembee polepole, mkono mmoja kiunoni.

"Hodi hapa."

"Nani?"

"Mimi, mayu," alisema, yaani mama. "Shikamoo."

Hakuitikiwa marahaba. Mama Athanas, bibi mkavu aliyebatizwa Serafina, alitokea akasimama katikati ya mlango, mkono mmoja kwenye mwimo huu na mwingine kwenye ule. Nyuma yake chungu kilikuwa kinatokota.

"Moto wangu umezimwa na mvua," Limi alisema. "Naomba kaa moja tu."

"Hata wangu umezimika."

Wote wawili wakakisikia chungu kikichemka. Limi aliona haya, na la ajabu ni kwamba aliona haya kwa niaba ya yule bibi. Akaaga vizuri, akaenda nyumba ya pili. Huko mwenye nyumba alisema mumewe hayupo, kana kwamba moto ni ng'ombe wa mahari. Nyumba ya tatu mlango ulifungwa angali uani. Nyumba ya nne ndipo alipopata mtu wa kumwambia ukweli, na huyo alimwambia akiwa amemgeuzia kisogo, akipepeta mtama.

"Mageni amekataza. Nenda zako, mwanangu, usiniponze."

Watu wana utani wao: mtu akifika na kuondoka upesi huulizwa, "Umekuja kuchukua moto?" Siku ile Limi aliondoka upesi nyumba nne, na moto hakuchukua.

Mageni alikuwa nsumba ntale, yaani mkubwa wa vijana, anayewaamsha watu alfajiri na kuwapanga kulimiana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Hakuwa mtemi wala karani wa boma. Hakuwa na askari hata mmoja. Lakini mtu akikaidi, Mageni hutamka neno, na tangu hapo mtu huyo hapewi moto, hapewi salamu, hachoti maji katika kisima cha kijiji. Mkewe akishikwa na uchungu hakuna mwanamke atakayevuka kizingiti chake, na akifa atachimbiwa kaburi na mumewe peke yake. Serikali ya Mwingereza ilikuwa na jela Mwanza. Mageni alikuwa na moto, na watu walimwogopa Mageni zaidi.

Limi alirudi nyumbani na kigae chake cha majivu. Chakula hakukiwaza. Aliwaza mwezi ujao, na mkeka chini, na nani atakayemshika mgongo.

*

Marselino, mumewe, alirudi saa kumi na mbili jioni, masikio yake yakiwa bado mgodini. Mwaka huo wa 1953 alikuwa akihudumia mashine ya kutwanga mawe katika mgodi mmoja mdogo wa Mzungu, mwendo wa saa moja kutoka kijijini, na mtu aliyesimama kando ya mashine ile mchana kutwa ilibidi aambiwe kila jambo mara mbili. Alikuta jiko baridi. Akaambiwa mara mbili.

"Kiberiti ninacho," alisema, akipapasa mfuko.

"Ukiwasha kwa kiberiti watasema tuna moto wetu wenyewe usiojulikana ulikotoka."

"Ni zile zamu tatu nilizokosa. Nitatoa mbuzi, yaishe."

"Baba Apolonia, zamu ni mbuzi. Hili si la mbuzi." Limi alikaa chini, miguu ameinyoosha. "Wanasema unawalimisha wafu."

Mshika mawili moja humponyoka, na Marselino alikuwa ameshika matatu. La kwanza lilikuwa kazi ya mgodi, siku sita kwa wiki, maana kipande, yaani kadi ya kazi, kisipotiwa alama siku moja, mwezi mzima unayumba. La pili lilikuwa shamba, pamba na mtama, walilopewa walipohamia kutoka Tinde na kumwacha binti yao Apolonia kwa bibi yake. Na ardhi aliyopewa mgeni, isipolimwa, hurudi kwa wenyewe. La tatu lilikuwa ngoma. Marselino alikuwa manju, mtunzi na mwimbishaji, na baada ya mavuno alikuwa apambane kule Buseresere na manju mmoja wa Runzewe aliyemshinda mwaka uliopita kwa matusi mazuri zaidi.

Basi yeye na mkewe waliiba saa kama panya anavyoiba karanga, moja moja. Alfajiri, kabla ya king'ora cha mgodi, Marselino alilima alichoweza. Limi alicheleweshwa kisimani, kwa kuwa wageni huchota mwisho, akafika shambani wenzake wakiwa njiani kurudi na majembe mabegani. Akalima katika lile jua la saa sita ambalo hata mbwa hulikimbia. Ndivyo shamba lao lilivyokuwa safi kuliko yote, na hapakuwa na jirani hata mmoja aliyewahi kumwona mtu akililima.

Nyimbo nazo zilikuwa na saa yake ya wizi. Marselino alizitunga palepale mashineni, kwa kufuata ule mdundo, na jioni akamwimbia mkewe. Kuandika hakujua vizuri; Limi ndiye aliyekuwa daftari lake. Ili asizisahau, alizirudia shambani akilima. Na wimbo wa mwaka ule ulikuwa wa kulima. Kisukuma chake kilikuwa kitamu kuliko nitakavyoweza kukiweka hapa, lakini maana yake ilikuwa hii:

Thobias, uko wapi?
Nipo, nalima.
Shika tuta lako.
Nimeshika, nalima.

Kisha aliitwa Athanas. Kisha Valerian. Na wote watatu walikuwa wamekufa mwezi wa kumi wa mwaka uliotangulia, shimo la mgodi lilipowaangukia, na miili yao haikutolewa.

Wapo wanaoamini kwamba mtu asiyezikwa mbele ya macho ya watu huenda hakufa, bali mchawi amemchukua, akamfunga ulimi na kumtia jembe mkononi. Kwa Kiswahili ni misukule. Wasukuma huwaita matunga. Sasa jiulize mwenyewe. Kuna shamba safi lisilo na mlimaji, kuna wafu wasio na kaburi, na kuna sauti inayowaita kwa majina, jua likiwa utosini, washike matuta yao. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mimi mwenyewe ningeamini.

"Badilisha majina," Limi alisema. "Weka ya ng'ombe. Weka ya wale wa Runzewe, uwatukane humo humo."

"Nimejaribu. Mashine inakataa."

"Mashine inakataa vipi?"

 Marselino alikuwa anakigeuza kile kiberiti mkononi, upande huu, upande ule. Kulikuwa na jambo hakuwahi kumwambia mkewe, na alikuwa anaona kwamba siku zake za kulificha zimekwisha.

*

Magugu hayajui nani amenyimwa moto. Kesho yake Limi alichota maji mtoni, mbali, akafika shambani saa sita akiwa ameapa kutoimba. Akalima kimya. Jembe likawa zito, mgongo ukamuuma, na kivuli chake kilikuwa kidogo chini ya miguu kiasi cha kukanyagika. Hapakuwa na ndege. Ardhi ilinukia joto. Baada ya hatua ishirini kiapo kilimtoka bila yeye kujua, akaanza kwa sauti ya puani.

Thobias, uko wapi?

Akapiga jembe. Na kama ilivyokuwa ikimtokea tangu wiki mbili zilizopita, akasikia jembe lingine. Lilikuwa kushoto kwake, tuta la pili au la tatu, likipiga baada ya lake. Alipoacha, nalo liliacha, ila lilichelewa kidogo. Mimi sisemi lilikuwepo. Nasema Limi alilisikia, na Limi hakuwa mwanamke wa kuropoka. Zaidi ya mara moja alikuwa amefika nyumbani akijua amelima matuta mawili, na Marselino alfajiri akakuta matatu. Walikubaliana kwamba ardhi ni laini mwaka huu. Hawakulizungumza tena.

Alipoinua macho alimwona mtu amechuchumaa ukingoni mwa shamba. Alikuwa Klara, mjane wa Thobias, na mbele yake bakuli lenye kifuniko.

"Za mchana, Klara."

"Usinisalimu. Sikuja kwako."

"Umekuja kwa nani basi?"

Klara alikuwa anayatazama matuta, moja baada ya jingine, kama mtu anayemtafuta mwenzake sokoni. "Yuko lipi?"

"Hakuna mtu hapa, dada. Niko peke yangu."

"Nimesikia majembe mawili."

Limi aliingiwa na baridi katika jua lile. Angeweza kusema ni mwangwi, lakini kilima kilikuwa mbali na yeye mwenyewe hakuamini. Akanyamaza, na kule kunyamaza ndiko alikokujutia baadaye.

"Nimemletea ugali na mlenda," Klara alisema. "Nasikia nyinyi mnawalisha pumba. Simlaumu mtu. Lakini sikiliza, Mama Apolonia. Hata kama ulimi wake umefungwa. Hata kama hanijui. Nirudishie. Mimi pia nina shamba, na watoto wawili, na sina wa kunilimia. Alime kwangu."

"Ningekuwa naye ningekupa." Limi alikuwa analia. "Wallahi ningekupa leo."

Yeye alikuwa Mkristo, lakini hakukumbuka kiapo kingine. Klara alisimama, akaliweka bakuli kwenye kichwa cha tuta la tatu, akalifunika vizuri, akaenda zake bila kugeuka. Limi hakuthubutu kuligusa.

Kesho yake lilikuwa tupu.

"Mbwa," alisema Marselino.

Limi naye alitaka sana wawe mbwa. Lakini kifuniko kilikuwa kimerudishwa juu ya bakuli.

*

Jumapili Mageni alikuja, akasimama nje ya ua. Alikuwa mtu mnene, mwenye wake wawili na kicheko kikubwa, lakini siku ile kicheko alikiacha nyumbani. Hakusalimu.

"Jumatano, jua likiwa utosini, kijiji kizima kitakuja shambani kwenu. Wimbo utaimbwa. Sisi tutanyamaza wote. Akiitikia asiyeonekana, mtahama siku hiyohiyo na nyumba tutaichoma. Asipoitikia, moto nitawaletea mimi kwa mkono wangu."

"Jumatano niko kazini," alisema Marselino.

"Kazi zako ndizo zilizotufikisha hapa."

"Na mtoto je?" Limi aliuliza kutoka mlangoni. "Mtoto amekosa zamu ipi, Mageni?"

Mageni aliitazama mimba yake, akatazama chini. "Mama Apolonia," alisema polepole, "unadhani napenda? Shamba langu linapakana na lenu. Mchana nalala kwa mke mkubwa, na ukuta una ufa, na nawasikia. Mimi ni mkubwa wa vijana. Watu wananiuliza nitafanya nini." Kisha akaondoka, na kwa namna alivyoharakisha, mtu angemwonea huruma.

Jumatatu Marselino alimwendea nyapara, mtu mmoja aliyeitwa Stanslaus, akavua kofia.

"Naomba ruhusa Jumatano, nusu siku."

"Mke anajifungua?"

"Bado."

"Una msiba?"

"Ndiyo."

"Nani kafa?"

"Watatu," alisema Marselino.

 Mashine ilikuwa inatwanga nyuma yao. Stanslaus akamsogelea sikioni, si kwa ukali, bali kama mtu anayemsihi mwenzake. "Lile lilikwisha. Ukitoka kwenye geti Jumatano, kipande chako nakichana. Usije ukasema hukuambiwa."

Marselino alivaa kofia yake. Jumatano, jua lilipopanda, aliegemeza sepetu ukutani, akalipita geti mbele ya macho ya wenzake, na hakuna aliyemwita.

*

Walikuwa watu kama sitini, wamesimama ukingoni mwa shamba bila kuongea, wanawake upande mmoja na wanaume upande mwingine. Karibu kila mmoja alikuwa na jembe, maana Mageni aliwaambia waje na majembe. Kwa lipi, hakusema. Klara alikuwa mbele. Serafina, mama yake Athanas, alikuwa ameshikiliwa mkono. Limi alisimama katikati ya matuta peke yake, tumbo mbele, na mumewe alipotokea mbio kutoka upande wa mgodi, akiwa na vumbi jeupe la mawe usoni, baadhi ya watu walirudi nyuma. Kwa kweli alifanana na mfu.

"Imba," Mageni alimwambia Limi.

"Subirini." Marselino alikuwa anahema. "Wimbo si wake, ni wangu. Na kabla hamjausikia nataka mjue nilikoutoa."

"Hatukuja kusikia maneno."

"Mwache aseme," alisema Klara.

Marselino alivua kofia. Hakujua aiweke wapi, akaishika kwa mikono miwili.

"Shimo lilipowaangukia, tulichimba siku mbili. Siku ya tatu Mzungu akasema hakuna aliye hai chini, tujaze kifusi mdomo wa shimo, kazi iendelee. Mimi nilikuwa mmoja wa watu wa toroli. Nimefika ukingoni na toroli langu, nikasikia kugongwa. Chini. Mara tatu, kimya, halafu mara tatu."

"Mashine hiyo," mtu mmoja alisema upesi, kama anayemwombea.

"Ilikuwa Jumapili. Mashine ilikuwa imezimwa. Nikamwambia nyapara. Naye akasema ni mashine." Akaigeuza kofia mikononi. "Nikamwaga. Nikarudi nikajaza tena, nikamwaga. Toroli saba, mpaka sikusikia kitu. Niliogopa kufutwa kazi. Ndiyo sababu yenyewe, sina nyingine. Jumatatu mashine ikawashwa, nami nikasikia inagonga vilevile, tatu, tatu, na ndani yake majina yao. Sikuwaita walime. Nilikuwa nawauliza wako wapi."

 Limi alimtazama mumewe na kwa mara ya kwanza akaelewa mashine ilikuwa ikikataa nini. Akataka kwenda kumshika, na akataka pia kukimbia asimwone tena, akabaki alipo. Mageni, aliyekuwa amejiandaa kukutana na mchawi na hata hirizi alikuwa amevaa, hakujua la kufanya. Mchawi ana dawa yake. Mtu aliyeogopa kukosa kazi, dawa yake ni ipi? Nusu ya wanaume waliosimama pale waliwahi kufanya kazi mgodini. Walikuwa wanatazama miguu yao.

"Siku ya tatu," alisema Klara.

"Siku ya tatu."

"Nilikuwa nje ya geti siku hiyo. Tangu asubuhi. Nilimletea chakula." Akafuta uso kwa kiganja, kwa nguvu, kama mtu anayefuta meza. "Imba."

Marselino akaimba. Sauti ilianza vibaya, ikatafuta njia, ikasimama.

Thobias, uko wapi?

Amri ilikuwa kunyamaza, na watu walinyamaza. Ila wimbo wa kulima si wimbo wa kusikilizwa. Mtu aliyekulia kwenye majembe, akiulizwa, koo lake linataka kujibu lenyewe. Ungeweza kuona vifua vikizuia. Hapo Klara akaingia shambani, akalipokea jembe la Limi mkononi mwake, akaenda kusimama kwenye tuta la kwanza.

"Nipo, nalima," akaitikia, akapiga jembe. "Nimeshika, nalima."

Hakuna aliyemkataza. Hata Mageni hakumkataza.

Athanas, uko wapi?

Yule bibi Serafina alijitoa mkononi mwa aliyemshika. Alikuwa hajashika jembe miaka minne. "Nipo," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini. "Nipo, baba, nalima." Akaenda kwenye tuta la pili, akachimba kwa vidole. Hapo wanawake waliangua kilio, na wanaume kadhaa wakainua majembe bila kujua, wakayashusha tena.

Valerian, uko wapi?

Na hapo kimya kikarudi.

Valerian alikuwa mtu wa Songea. Alilala kambini mgodini, alipenda kahawa, alicheka kwa aibu akiongeleshwa Kisukuma kwa sababu hakukijua. Hakuwa na mke wala ndugu huku. Aliyemjua mama yake hakuwepo, na taarifa ya kifo chake hakuna aliyejua aipeleke kwa nani. Watu walitazamana. Lilikuwa jambo la kuaibisha, na kila mmoja aliliona kwa wakati mmoja: kwamba miezi mitatu kijiji kilikuwa kinawaogopa wafu watatu na kuwalilia wawili.

Marselino alisubiri. Manju hawezi kwenda mbele asipoitikiwa. Tuta la tatu lilikuwa tupu, lile Klara aliloliwekea bakuli. Jua lilikuwa utosini na hakuna mtu aliyekuwa na kivuli.

"Nipo, nalima."

Ilikuwa sauti ya kiume, si kubwa, ya mtu aliyechoka. Wote waliisikia. Wimbo ulikuwa wa Kisukuma. Jibu lilikuja kwa Kiswahili.

Hakuna aliyekimbia, kwa sababu mtu akimbiaye ni lazima ajue anakimbia nini, na kila mmoja alidhani sauti imetoka kwa jirani yake. Wa kulia alimtazama wa kushoto. Wanawake waliacha kulia mara moja, kama waliozibwa midomo.

"Nani ameitikia?" aliuliza Mageni.

Wanaume walishusha majembe chini.

"Nauliza, nani?" Alipita mbele ya wanaume mmoja mmoja, akiwatazama midomo. Alifika mwisho wa mstari. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kidevuni. Alilitazama tuta la tatu, akaitazama nyumba ya Marselino pale juu na paa lake la nyasi lililo rahisi kuwaka, akamtazama Limi, ambaye alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili na kumkazia macho yeye, si mwingine.

"Ni mmoja wetu," alisema Mageni. Halafu akarudia kwa nguvu, ili asikike mpaka mwisho wa shamba. "Nasema aliyeitikia ni mmoja wetu!"

Akaingia kwenye tuta la tatu, akapiga jembe. Wengine wakamfuata, na shamba lote likalimwa kabla jua halijainama.

*

Asubuhi Mageni alileta moto mwenyewe, kijinga cha mti mgumu, akakipuliza njia nzima. Limi alikipokea, akampa kigoda. Akasema marahaba kabla ya kuamkiwa, kwa kuchanganyikiwa.

Marselino alikuwepo. Kazi ndiyo iliyomponyoka katika yale matatu. Stanslaus alikichana kipande kama alivyoahidi. Wanaume wawili walikaa wakiutazama moto unavyoshika.

"Ilikuwa sauti yako," Mageni alisema hatimaye, chinichini. "Uliitikia mwenyewe, uokoe nyumba. Sikulaumu. Niambie tu, nipate usingizi."

Marselino alimgeukia. "Mimi nilidhani ni wewe."

Mageni hakukaa sana. Mtu angedhani amekuja kuchukua moto.

Limi alijifungua mwezi wa pili, mtoto wa kiume, na chumbani walikuwepo wanawake saba. Aliyemshika mgongo alikuwa Klara. Na msiniulize kama mtoto aliitwa Valerian. Hakuna aliyethubutu.

Baada ya mavuno walikwenda Buseresere. Uwanja ulijaa, na Marselino aliimba vizuri kuliko siku zote za maisha yake, hata watu wa Runzewe walitulia. Lakini alipofika kwenye jina la tatu, kabla hajamaliza kuliita, Mwalugesha nzima, wake kwa waume, ikaitikia kwa kishindo, Nipo, nalima, mapema mno, ngoma ikavurugika na watazamaji wakacheka. Manju wa Runzewe akashinda tena.

Njiani kurudi hakuna aliyelaumu mwenzake. Wanauimba mpaka leo wakilima, na pale kwenye jina la tatu huvuruga vilevile. Marselino aliachana na kuwasahihisha. Yeye mwenyewe, akikaribia jina hilo, huharakisha, na watu huvuta pumzi tayari, waitikie badala ya Valerian wote pamoja, kabla yeye mwenyewe hajaitikia.